Ukiogopa, Kanyaga Klachi: Historia Fupi ya Mguu na Trekta

Najua nilipotea. Semista imebana, bumu limekata, na mimi mwenyewe nilikuwa na jambo ambalo sikutaka kuliandika haraka. Leo naliandika. Wanaotaka habari za mechi ya bweni letu na bweni la pili wavumilie kidogo, maana leo tunaongea historia. Na historia yenyewe inaanzia kwenye lundo la samadi.

Si mnajua kwamba chuoni kwetu kuna trekta dogo, lile la nguvu farasi ishirini na kitu, lenye kijiko mbele? Lile linalofyeka nyasi za uwanjani na kusomba samadi kutoka bandani. Wengi mnaliona mnapita nalo tu. Mimi nililionea wivu tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu nimekulia kwenye matrekta. Baba mdogo yuko Kongwa, ana Massey Ferguson 135 kuukuu anayolimia mashamba ya watu kwa kukodi. Nilianza kulishika usukani nikiwa na miaka kumi na tatu. Kwa hiyo siku Mzee wa karakana alipouliza nani anaweza kuendesha, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza swali.

"Hili halina klachi," akaniambia. "Pedali hii moja tu. Ukiegemeza vidole, linaenda mbele. Ukikandamiza kisigino, linarudi nyuma. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mzee."

Sikuwa nimeelewa chochote. Nilichoelewa ni kwamba ni trekta jepesi, la watoto. Nikawasha, nikazunguka uwanja mara mbili, nikaona mambo si hayo. Nikaelekea kwenye samadi. Dada mmoja wa mwaka wa pili, tuko naye kundi moja la vitendo, alikuwa amesimama karibu na lundo na koleo mkononi, akisubiri nijaze kijiko asawazishe kingo.

Nikakaribia. Nikaona naenda kasi kuliko nilivyodhani. Nikashtuka. Na hapo, wadau, mwili wangu ukafanya kile ulichofundishwa Kongwa miaka yote: miguu yote miwili ikashuka kwa nguvu. Wa kushoto ukatafuta klachi, ukakuta sakafu tupu. Wa kulia ukatafuta breki, ukakuta ile pedali. Kanyaga! Trekta likaruka mbele kama limechomwa mwiba.

Yule dada aliruka pembeni. Koleo halikuruka. Kijiko kikaingia kwenye lundo mpaka katikati, likavunja mpini wa koleo, na trekta likasimama pale likilia kwa mlio mwembamba wa oili inayobanwa, mimi bado nimekanyaga! Mzee ndiye aliyenifikia na kupiga goti langu kwa kiganja. "Toa mguu! Toa mguu!" Nikatoa. Likanyamaza.

Kama pale pangekuwa na ukuta badala ya samadi, na kama yule dada angekuwa mzito wa kushtuka, leo nisingekuwa naandika mambo haya kwa mzaha. Nilimwomba radhi siku hiyo na namwomba tena hapa. Alinisamehe, ila alisema neno moja lililonikaa: "Tatizo lako hukujua unaogopa vipi."

Nililala nalo. Nikajiuliza, kwani mimi nilijifunza wapi kuogopa kwa miguu? Jibu nililijua. Baba mdogo alinifundisha sheria moja kabla ya nyingine zote: "Mwanangu, ukiogopa, kanyaga klachi. Mengine utayauliza baadaye." Kwenye Massey ni sheria ya dhahabu. Ukikanyaga klachi, injini inaachana na magurudumu. Ukiongeza breki, umemaliza. Sheria hiyo hiyo, kwenye trekta la chuo, ilikaribia kuua mtu. Basi nikaingia maktaba kutafuta hii sheria ilizaliwa wapi, na nani aliamua kuigeuza.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1908 kampuni ya Henry Ford ilianza kuuza gari la Model T. Lile gari lilitengenezwa mpaka 1927 na yaliuzwa zaidi ya milioni 15, yaani watu wengi sana duniani walijifunzia miguu yao humo. Lilikuwa na pedali tatu chini, lakini msidhani ni hizi za leo. Ya kulia ilikuwa breki. Ya katikati ilikuwa ya kurudi nyuma. Ya kushoto ukiikanyaga mpaka chini gari lilienda kwa gia ndogo, ukiiachia yote lilienda kwa gia kubwa, na katikati palikuwa ndipo huru. Mafuta yaliongezwa kwa mkono, kwenye usukani. Yaani dereva wa leo ukimpandisha kwenye Model T, akashtuka na kusukuma mguu wa kushoto mpaka chini, gari linaendelea na safari! Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu maktaba hadi jirani akaniangalia vibaya. Kumbe si mimi wa kwanza.

Mwaka 1917 Ford huyo huyo alianza kutoa trekta la Fordson. Lilikuwa jepesi na la bei ya chini ukilinganisha na madude ya mvuke ya wakati ule, na ndilo lililowapandisha wakulima wengi wa Marekani na Uingereza kwenye trekta kwa mara ya kwanza. Lakini lilikuwa na tabia moja mbaya sana. Jembe la nyuma likinasa kwenye kisiki au mwamba, magurudumu ya nyuma hayakubali kusimama. Yakishindwa kwenda mbele, nguvu inageukia kunyanyua pua ya trekta. Pua inapanda, inapanda, na mwisho trekta linajipindua kinyumenyume juu ya dereva wake. Wakulima walikufa hivyo. Muda wa kujiokoa ulikuwa mfupi mno, na wokovu ulikuwa mmoja: mguu kwenye klachi.

Nadhani hapo ndipo sheria ya baba mdogo ilipopatia uzito wake. Kukanyaga klachi kulikuwa namna ya kubaki hai kabla hata hujapata muda wa kuwaza.

Ila msifikiri matrekta yote yalikubaliana. John Deere Model D, lililotengenezwa kuanzia 1923 hadi 1953, lilikuwa na klachi ya mkono. Ni wenzo mrefu: ukiusukuma mbele trekta linashika, ukiuvuta nyuma linaachia. Mtu aliyezaliwa kwenye John Deere za silinda mbili, akishtuka, anavuta mkono. Aliyezaliwa kwenye Fordson, akishtuka, anashusha mguu. Wote wawili wako sahihi nyumbani kwao. Wabadilishane matrekta, na hapo ndipo ajali inapoanzia. Mwaka 1960 John Deere walipotangaza matrekta mapya ya silinda nne na sita, klachi nayo ikahamia mguuni, na wazee wengi wa mikono ikabidi waanze upya.

Yule mtu aliyetatua tatizo la Fordson kujipindua alikuwa Harry Ferguson, fundi wa Ireland ya Kaskazini. Badala ya kuacha jembe likokotwe nyuma kama mkokoteni, alilifunga kwenye trekta kwa mikono mitatu, na akatumia oili yenye shinikizo kulinyanyua na kulishusha. Jembe likikutana na ugumu, mkono wa juu unasukuma pua ya trekta chini, na oili inalinyanyua jembe kidogo lipate kupita. Trekta lake la TE20 lilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1946, na mpaka 1956 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya nusu milioni. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris, na humo ndimo lilipotoka jina la Massey Ferguson tunalolijua mpaka vijijini. MF 135 la baba mdogo ni mjukuu halali wa TE20. Nyekundu yake imefubaa, ila mikono ile mitatu nyuma iko vile vile.

Nimetaja Kongwa, na siwezi kupita bila kusema lingine. Watu wa kwetu walikutana na matrekta kwa wingi mwaka 1947, Waingereza walipoleta ule mpango wa karanga. Mliosoma historia kidato cha tatu mnaukumbuka: ekari zaidi ya milioni 3 za karanga zilipangwa, kwa gharama ya pauni milioni 25, kuanzia Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya hayakupatikana kirahisi baada ya vita, kwa hiyo walinunua mabaki ya kijeshi kutoka Ufilipino, na kuna mengine yaliundwa kutokana na vifaru vya Sherman, yakaitwa Shervick. Mashine za kila aina kwenye shamba moja! Ardhi ya Kongwa kiangazi hukauka ikawa ngumu kama saruji, na mbuyu haung'oki kwa kubembelezwa. Kabla mwaka haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala. Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa, na pauni kama milioni 36 zikawa zimepotea.

Kwenye maelezo mengi ya wakati ule utasoma kwamba madereva Waafrika waliharibu mashine. Mimi nilikuwa nalisoma hilo na kuumia tu. Baada ya siku ya samadi nalisoma tofauti. Mchukue kijana ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, mpe mafunzo ya haraka, leo mpandishe kwenye hili, kesho kwenye lile lenye mpangilio mwingine wa miguu na mikono. Mimi niliyekua kwenye trekta nimevunja koleo kwa kubadilishiwa pedali moja tu. Yeye alitarajiwa afanye nini? Mwili unahitaji muda, na muda ndicho kitu ambacho mpango ule haukutenga.

Haya, turudi kwenye ile pedali. Nani aliitoa klachi?

Jibu refu linaanza na Pascal, yule Mfaransa wa karne ya 17, aliyeeleza kwamba ukikibana kimiminika kilichofungiwa, shinikizo linasambaa sawasawa kila upande. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akakata hati ya mashine ya kukandamiza inayotumia kanuni hiyo. Kwa miaka mingi watu walitumia maji. Maji yanaleta kutu, na pale kwenye baridi yanaganda. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani wawili, Reynold Janney na Harvey Williams, walikuja na mtambo wa oili: upande mmoja pampu, upande wa pili mota, na katikati oili tu. Mwaka 1906 mfumo wa oili ukawekwa kwenye meli ya kivita ya USS Virginia, kuelekeza mizinga. Mzinga wa meli hauwezi kuelekezwa kwa gia za kurukaruka. Unataka kusogea taratibu, usimame palepale, urudi nyuma kidogo, bila kukatika. Basi lile trekta letu la kusomba samadi lina damu ya mizinga ya meli. Mimi hilo lilinifurahisha sana.

Niwaeleze inavyofanya kazi, kwa lugha ya kibandani. Injini inazungusha pampu. Ndani ya pampu kuna pistoni ndogo ndogo zimepangwa duara kama risasi kwenye bastola ya sinema. Vichwa vyake vinaegemea sahani ya chuma. Sahani ikiwa imesimama wima, pistoni zinazunguka tu bila kuingia wala kutoka, oili haisukumwi, trekta limetulia japo injini inanguruma. Sahani ikiinama kidogo, kila pistoni inaingia na kutoka kidogo, oili kidogo inaenda kwenye mota, magurudumu yanazunguka polepole. Ikiinama zaidi, oili nyingi, kasi kubwa. Ikiinamia upande wa pili, oili inarudi njia nyingine, na trekta linarudi nyuma. Pedali ile haigusi mafuta wala haigusi gia. Inainamisha sahani. Basi.

Kuweka hili kwenye trekta kulichukua muda. Mwaka 1954 watafiti wa taasisi ya taifa ya uhandisi wa kilimo ya Uingereza, kule Silsoe, walionyesha trekta la majaribio ambalo injini ilizungusha pampu na magurudumu ya nyuma yakazungushwa na mota za oili. Mwaka 1961 International Harvester ya Marekani ikatoa la kwake la maonyesho, HT-340, lenye injini ya tabaini, ndugu wa zile za helikopta. Ile tabaini ilipiga kelele na kunywa mafuta vibaya sana, haikufika mbali, na trekta lenyewe likaishia makumbusho ya Smithsonian. Ila oili iliyokuwa ikiendesha magurudumu yake ndiyo iliyobaki na kuendelea. Mwaka 1967 International Harvester wakaanza kuuza 656 Hydro, trekta kamili la shambani, bila gia za kubadilisha kila hatua. Miaka hiyo hiyo ya katikati ya 1960 matrekta madogo ya bustani ya Marekani, kama Cub Cadet na Wheel Horse, nayo yalikuwa yameanza kupata mfumo huu.

Lakini angalieni jambo moja. Kwenye 656 Hydro, na kwenye yale ya bustani ya mwanzo, kasi iliongozwa kwa mkono! Kuna wenzo, unausogeza mbele, trekta linaenda. Mguu haukuwa na kazi hiyo bado.

Na wakulima wakubwa hawakuingia wote. Oili inapopita kwenye pampu, mabomba na mota, sehemu ya nguvu inageuka joto. Gia za chuma zinapoteza kidogo kuliko hapo. Mtu anayelima jembe zito kutwa nzima, kwa kasi ile ile, anaona anachoma dizeli ya kupasha oili moto. Matrekta makubwa ya Hydro yalikwisha katikati ya miaka ya 1980, wakati International Harvester yenyewe ilipouza biashara yake ya zana za kilimo. Kwa kulima, gia zilishinda. Baba mdogo nilipomwelezea kwa simu alisema, "Si nilikwambia?" ingawa hakuwahi kuniambia.

Oili iliishi kwa wadogo. Japani ina mashamba madogo, na viwanda vyake vilijua kutengeneza trekta dogo kwelikweli. Kubota walitoa T15 mwaka 1960, na mwaka 1969 wakapeleka Marekani L200 la nguvu farasi 21. Wakakuta kuna watu wengi wenye eka chache, farasi wawili, theluji ya kusukuma na bustani, ambao trekta kubwa ni mzigo kwao. Wenzao kina Yanmar, Iseki na Shibaura wakaingia pia. Yanmar waliunda madogo yaliyouzwa kwa rangi ya kijani ya John Deere kuanzia 1977. Miaka ya 1980 mfumo wa oili ulikuwa umeshazoeleka kwenye haya madogo, na pedali ikawa sehemu ya mazoea hayo.

Kwa nini mguu? Fikirieni kazi yenyewe. Unasomba kwa kijiko. Mkono wa kushoto uko kwenye usukani. Mkono wa kulia uko kwenye wenzo wa kijiko, unainua, unainamisha. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, mara mia kwa asubuhi moja. Kwa klachi na gia ungehitaji mkono wa tatu na goti la chuma. Kilichobaki huru ni mguu wa kulia. Wengine wakaweka pedali mbili zikiwa sambamba, moja ya mbele na moja ya nyuma. Wengine, kama hili la chuo, pedali moja inayocheza kama bembea, vidole mbele na kisigino nyuma.

Na hapa ndipo historia iligeuka chini ya unyayo bila mtu kupiga tarumbeta. Kwenye Massey, kukanyaga ni kusimama na kuachia ni kwenda. Kwenye hili dogo, kukanyaga ni kwenda na kuachia ni kusimama. Hofu ile ile, majibu mawili yaliyopingana.

Mzee wa karakana hakunifukuza. Nilidhani atanifukuza. Aliniambia nirudi jioni tatu mfululizo, uwanjani, bila kijiko, bila mtu. Jioni ya kwanza zoezi lilikuwa moja: yeye anapiga filimbi, mimi natoa mguu. Sikuruhusiwa kugusa breki. Gia ya chini, mafuta ya mkono yamewekwa katikati, napiga raundi, filimbi, toa. Filimbi, toa. Mwanzoni kila filimbi mguu ulitaka kushuka kwanza. Niliuona kwa macho, paja linakaza kabla sijaamua. Kufikia mara ya arobaini hivi ukaanza kuinuka wenyewe.

Jioni ya pili nilijifunza jambo ambalo hakuna aliyenionya. Ardhi ya uwanja ina mashimo. Trekta likidunda, mwili unadunda, mguu unadunda, pedali nayo inadunda, na trekta linaanza kusukasuka mbele nyuma kama punda mwenye hasira. Dawa yake ni kuegemeza upande wa mguu mahali imara na kuacha kifundo ndicho kifanye kazi, si goti. Ukisukuma kwa paja, umeharibu. Na kurudi nyuma kwa kisigino ni pole pole mno, kwa sababu umegeuza shingo na mguu hauuoni.

Jioni ya tatu ilikuwa ya samadi, na ndiyo iliyonishangaza zaidi. Nikaingiza kijiko kwenye lundo, kikagoma. Kama dereva yeyote, nikaongeza mguu. Ule mlio mwembamba ukarudi, magurudumu yakasimama. Mzee akasema, "Punguza." Nikadhani nimesikia vibaya. "Punguza mguu!" Nikapunguza, na trekta likasukuma! Kumbe ndivyo ilivyo. Sahani ikiinama sana, ni kama uko gia kubwa: kasi nyingi, nguvu ya kusukuma kidogo. Oili ikishindwa, shinikizo linapanda mpaka vali ya usalama inafunguka, na huo ndio mlio. Ukipunguza mguu umeshusha gia. Unapata nguvu kwa kukanyaga kidogo. Ile siku ya kwanza nilipobaki nimekanyaga na trekta likalia, lilikuwa linaniambia hilo hilo, ila sikujua lugha yake.

Akaniongezea mawili ya kuondoka nayo. Kwenye mteremko usiweke gia huru hata siku moja, maana ile oili ndiyo inayokushikilia, na ukiitenga magurudumu yanabaki ya kuteleza tu. Na ukishuka, weka breki ya mkono, usiiamini pedali, kwani oili huvuja taratibu ndani kwa ndani na trekta linaweza kusogea wakati wewe uko kwa mama ntilie.

Likizo nilikwenda Kongwa. Baba mdogo akanipa Massey nipeleke tela la mahindi. Nikapanda kwa mbwembwe. Mbuzi akakatiza mbele, na mguu wangu, wadau, ule ule niliouchunga jioni tatu, ukainuka! Kwa bahati nilikuwa na nafasi, na breki ilifuata. Mbuzi aliendelea na shughuli zake. Baba mdogo alikuwa ameketi juu ya tela, akaona kila kitu, akaniuliza kama chuo kimenifundisha au kimenifundua.

Nikasimama, nikamweleza yote. Koleo, yule dada, mizinga ya meli, sahani inayoinama. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akasema, "Basi mimi nilikufundisha trekta hili. Sikukufundisha matrekta."

Siku hizi nina kawaida moja. Nikipanda mashine yoyote, hata pikipiki ya kuazima, kabla ya kuwasha najiuliza: hapa nikiogopa, mguu uende wapi? Naupeleka mara tatu ukiwa mkavu, injini imezima. Wenzangu wa karakana wananicheka kwamba nasali. Yule dada wa mwaka wa pili hanicheki. Wiki iliyopita naye alipanda kwa mara ya kwanza, na kabla ya kugusa ufunguo aliinua mguu wake hewani mara tatu, akaushusha, kisha akaniambia nitoke mbele.

Nikatoka haraka.

Haya wadau, tuishie hapo. Mpini mpya wa koleo nimeununua mwenyewe kwa hela ya chakula, kwa hiyo atakayeniona jioni nakunywa chai ya rangi bila kitafunwa, ajue ni historia hiyo.